Ndelwa na Mnyama wa Warungo

Katika mwaka wa saba wa utawala wa Mwene Mahenda, wakati anga la Usanje lingali na miezi miwili, jeshi la Warungo lilipanda kutoka nyanda za chini likauzingira mji wa Itumba. Mji huo ulikuwa juu ya mwamba, umezungushiwa ukuta wa mawe na udongo mwekundu. Ndani yake walikuwamo watu mia nane, chemchemi moja isiyokauka, na mtama wa siku sitini.

Warungo waliwazidi Wasanje mara nne, lakini si wingi wao uliowatia watu hofu. Walikuja na ngurumati, mnyama ambaye Wasanje walikuwa wamemsikia katika hadithi tu. Alikuwa mrefu kuupita ukuta, ngozi yake ya kijivu haikupenyeka kwa mkuki, na pembe moja nene ilichomoza kipajini mwake. Siku ya kwanza ya vita aliligonga lango la magharibi mara tatu, likaanguka. Kalombo, mkuu wa walinzi wa lango, alikufa chini ya mbao zake. Wasanje wakaliziba pengo kwa magogo na mawe, wakapigana mpaka adui akarudi nyuma. Hata hivyo, kila mtu alijua kwamba ngurumati angerudi akishashiba na kupumzika.

Ndelwa alikuwa mdogo wake Kalombo. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na sita, na hakuna aliyempita kwa kurusha mkuki katika Usanje nzima. Alipomaliza kumzika kaka yake, mama yao, Mbuke, alimshika mkono mbele ya waombolezaji wote.

"Sitaki kilio chako," alimwambia. "Nataka huyo mnyama afe."

"Nimekusikia, mama," alijibu Ndelwa.

Siku ya tatu Mwene Mahenda aliita baraza. Alikuwa mwanamke wa makamo, aliyerithi kiti cha enzi kwa baba yake pamoja na maadui zake wote. Alivaa vazi la magome ya mti na kilemba cha ngozi ya chui, na alisema machache.

"Mnyama hatumwezi," alisema. "Lakini kuna mtu anayempanda na kumwongoza. Akiuawa huyo, Warungo hawana wa kumwamrisha. Nani atakwenda?"

"Nitume mimi, Mwene wangu," alisema Ndelwa.

Mwene alimgeukia. "Unakwenda kwa ajili ya mji, au kwa ajili ya kaka yako?"

"Sijui namna ya kuvitenganisha."

"Basi nenda na Kwimba. Yeye atakusaidia kuvitenganisha."

Kwimba alikuwa rafiki yake tangu utoto, mpole wa maneno na mwepesi wa miguu. Asubuhi iliyofuata, ukungu ulipoufunika mwamba, wawili hao waliteremka kwa kamba ya ngozi upande wa mashariki, ambako Warungo hawakuweka walinzi. Walijitwisha mizigo ya kuni kama watumwa wa kambini, wakazunguka mpaka kwenye ziwa la matete ambako ngurumati alilishwa.

Walimkuta amepiga magoti majini. Kando yake alisimama mwanamke mwembamba mwenye mvi, akimchokoa wayo kwa kisu kidogo. Hapakuwa na mtu mwingine karibu, kwa kuwa askari wenyewe walimwogopa mnyama. Ndelwa alimwacha Kwimba katika matete, akasogea hadi hatua kumi, akainua mkuki.

"Kama umekuja kuniua, ningoje nimalize mguu huu," alisema yule mwanamke bila kugeuka. "Una mwiba, na hakuna mwingine atakayekubaliwa kuutoa."

Mkono wa Ndelwa ulisita. "Huogopi?"

"Nimeogopa mwaka mzima. Nimechoka." Aliutoa mwiba, akauosha wayo, ndipo akageuka. "Mimi naitwa Nambela. Kwetu ni Mbwani, mwendo wa siku arobaini kutoka hapa. Sisi ndio tunaowachunga hawa. Hatuwapeleki vitani."

"Huyu amemuua kaka yangu langoni."

"Najua. Nilikuwa mgongoni mwake." Hakuyakwepa macho ya Ndelwa. "Mfalme wa Urungo anaye mtoto wa mnyama huyu. Amemfunga katika zizi nyuma ya hema zake, na mchana kutwa watu wawili wamemwelekezea mikuki shingoni. Mama yake akikataa kwenda, wanamchoma mtoto mpaka alie. Akisikia kilio hicho, anakwenda popote wanapotaka. Ukiniua mimi, watajifunza kumwendesha wenyewe kwa kilio hicho. Hawajalifikiria tu."

Ndelwa alimtazama mnyama. Jicho lake kubwa jeusi lilikuwa limeelekea kambini, wala halikubanduka huko hata mara moja.

"Lini mtashambulia?"

"Kesho, jua likiwa utosini. Jeshi lote litasogea mbele. Zizini watabaki wale wawili."

"Nikikuamini nawe ukanidanganya, watu mia nane watakufa."

"Sina cha kukuapia," alisema Nambela. "Lakini kesho nitakuwa mbele ya ukuta wenu, na mishale yenu itanifikia kabla ya kumfikia mtu mwingine. Waambie wanilenge wakiona nimekuhadaa."

Ndelwa aliushusha mkuki. Alirudi kwenye matete, akamweleza Kwimba kila kitu. Kwimba aliuma mdomo.

"Tulitumwa kuua, ndugu yangu. Mama yako nimwambie nini?"

"Mama nitamwambia mwenyewe. Wewe mwambie Mwene asiruhusu mshale wowote kumwelekea huyu mwanamke mpaka mnyama auguse ukuta."

"Na asipokubali?"

"Basi nitakuwa nimekosea, na nitakuwa mbali nisiweze kulirekebisha kosa langu. Nenda."

Kesho yake jua lilipofika utosini, pembe za vita zikalia na Warungo wakasogea. Ndelwa, aliyekuwa amejificha ndani ya rundo la nyasi za malisho, alitoka na kuliendea zizi. Mlinzi wa kwanza alianguka kabla hajageuka. Wa pili alikuwa mtu wa vita. Alimchoma Ndelwa pajani, wakakabana chini mpaka Ndelwa akampokonya kisu na kummaliza. Alijikokota hadi kwa mtoto wa ngurumati, mkubwa kama fahali, akaikata kamba shingoni mwake.

Mtoto hakuondoka. Alisimama palepale akitetemeka, kwa maana kwa mwaka mzima kila alipojaribu kusogea alichomwa. Huko mbele Ndelwa alisikia magogo yakivunjika. Alitupa kisu, akamwegemea yule mtoto ubavuni kwa bega lake, akamsukuma huku damu ikimtiririka mguuni.

"Toka," alimnong'oneza. "Toka, uko huru. Toka."

Hatua moja, kisha nyingine. Alipotambua kwamba hakuna kilichomchoma, mtoto aliinua kichwa akaita. Hakikuwa kile kilio cha maumivu walichokizoea Warungo.

Ukutani, Mwene Mahenda alikuwa ameinua mkono, na wapiga mishale mia moja wakimtazama. Pembe ya ngurumati ilikuwa tayari imezama katika magogo. Mwene aliona mnyama akisimama ghafla, masikio yakifunguka, nao mkono wake ukabaki juu. Ngurumati akageuka, akaanza kukimbia kuelekea kambini, na jeshi la Warungo lilikuwa katikati ya njia yake.

Wengi walitupa ngao wakakimbilia bondeni, na walioendelea kusimama walikosa wa kusimama nao. Mwene alifungua lango dogo, akawatoa askari wake, akaamuru wasiokuwa na silaha wasiguswe.

Ndelwa alikuwa amelala mlangoni mwa zizi, hana nguvu ya kukimbia, mnyama alipofika juu yake. Ngurumati aliinamisha kichwa akamnusa damu, akamnusa bega lililokuwa na harufu ya mwanawe, kisha akamruka kwa uangalifu. Nambela aliteremka mgongoni akamfunga jeraha kwa kitambaa cha kichwa chake. Ngurumati na mtoto wake waliondoka wakipitia ziwani, na hakuna aliyewazuia.

Wasimulizi wa historia ya Usanje hukumbuka mapatano yaliyofuata, mpaka uliowekwa kwenye mto, na amani iliyodumu vizazi viwili. Husema pia kwamba Ndelwa alimuua ngurumati kwa mkuki mmoja, na kila mara ajulishwapo ukweli, msikilizaji hupenda ule uongo zaidi. Lakini katika ukoo wake husimuliwa jambo jingine, lililotokea siku ileile kabla jua halijatua.

Kwimba na Nambela walimfikisha nyumbani wakiwa wamemshika huku na huku. Mbuke alikuwa amesimama mlangoni.

"Amekufa?" aliuliza.

"Hapana, mama," alisema Ndelwa. "Nimemrudishia mwanawe."

 Mbuke aliutazama mguu wa kijana wake, kisha kitambaa kilichoufunga, kisha yule mwanamke mgeni aliyesimama kichwa wazi, asiyejua pa kuyaweka macho yake.

"Wewe ndiwe uliyekuwa mgongoni," alisema.

"Ndimi," alijibu Nambela.

Mbuke alisogea kando, akauacha mlango wazi.

"Ingieni," alisema. "Uji uko jikoni. Huyu amepoteza damu nyingi, nisaidie kumlaza."