Ulimi wa Karatasi

Siku ile mjinga alikuwa Ambokile mwenyewe, ingawa aliamka akijiona mjanja kuliko mji mzima wa Tukuyu na maghorofa yake.

Alisimama langoni mwa soko akilitazama Bawabu, roboti la mikono sita, likiulambisha mboga ulimi wa karatasi: kijikaratasi cha kutumia mara moja, rahisi kuliko njiti ya kiberiti, kilichopakwa kimeng'enya, protini ya kugeuza rangi. Jani likiwa safi, ulimi hugeuka buluu. Likiwa na dawa ya wadudu, kimeng'enya hufa, ulimi hubaki mweupe, na mzigo huingia tanurini. Hakuna rufaa. Ambokile ndiye aliyeliagiza Bawabu lisimsikilize mtu, maana watu hubembelezana.

Akaja Mama Tumpe, mkwewe, na matenga ya figiri. Ulimi ukabaki mweupe.

"Sumu," likasema Bawabu. "Mzigo uchomwe. Muuzaji asiuze msimu mzima."

"Lo! Mama Tumpe, kumbe unatuua taratibu?" muuza nyanya akapaza sauti.

"Ambokile, baba, liambie hili bati. Mimi dawa sijapuliza."

"Mama, karatasi haina mkwe," akajibu, watu wakacheka, naye akafurahi.

"Nimenyunyiza majivu tu ya kufukuzia wadudu, kama kila mwaka!"

Kicheko kikamkauka. Majivu! Yana ukali kama magadi. Nayo pia huua kimeng'enya. Kule maabara, alipoutengeneza ulimi, alipima mboga zilizooshwa tu.

"Bawabu, acha! Ulimi umekosea!"

"Uliagiza nisimsikilize mtu."

"Mimi si mtu, mimi ndiye niliyekuunda!"

"Ndiyo maana natii," likasema, likatupa tenga la kwanza. Ambokile akang'ang'ania la pili; mkono wa tatu ukamweka kando kama kikapu. Akapiga teke mguu wa chuma, akaumia kidole, tenga likaingia motoni. Jina la Mama Tumpe likawaka jekundu juu ya lango: MTIA SUMU.

"Nitarekebisha, Mama," akasema akichechemea. "Msimu ujao ulimi utayajua majivu."

"Na msimu huu?"

"Vumilia kidogo. Sayansi hujifunza kwa makosa. Na wewe mwenyewe unajua hujatia sumu, mimi pia najua. Hilo si ndilo kubwa?"

Mama Tumpe akajifunga khanga upya, akalitazama jina lake kule juu.

"Sawa, mkwe wangu. Basi Jumapili mkija kula kwangu, wewe njoo na chakula chako."