Funda la Kwanza

Jumapili ile walikuwapo watu hawa. Gaston Mushagalusa, mshonaji, ambaye jina lake ndilo lililokuwa kwenye mkataba wa fleti ile ya mtaa wa Berea, aliketi mwisho wa meza, kisogo kikielekea dirisha. Clémentine Nabintu, mkewe, aliketi karibu na mlango wa jikoni. Cédric Bisimwa, mlinzi, mpangaji wao aliyelala nyuma ya pazia, aliketi kati ya mume na mke. Jocelyne Nsimire, dada yake Gaston, msusi, aliketi ukingoni mwa kitanda kwa sababu viti havikutosha. Mgeni alikuwa Jeremy Owuor, Mkenya wa mtaa wa Kensington jijini humohumo, aliyechunguza madai ya bima mpaka alipostaafu, na ambaye suti zake zote zilishonwa na Gaston. Mtoto wa nyumba, Murielle, alikuwa kwa jirani akitazama katuni. Owuor aliwataja baadaye mara nyingi, kwa mpangilio huohuo, na kila mara waliokuwa mezani walikuwa watano.

Palikuwa na jagi la tangawizi, aliyoisaga na kuichuja Clémentine mwenyewe. Kwao, kandokando ya Ziwa Kivu, anayemimina ndiye anayeonja. Hukichukua kikombe cha mwenye nyumba, hupiga funda la kwanza mbele ya macho ya watu, humeza, ndipo hukitoa, na kwa funda hilo wote waliopo hunywa kwa amani. Hakuna anayeuliza kwa nini, kama ambavyo hakuna anayeuliza kwa nini mtu hunawa kabla ya kula.

Clémentine alikuwa amefunga. Alifunga kwa ajili ya mtoto wa pili, ambaye alikuwa akimwomba Mungu ampe tangu Murielle aanze shule, na mchungaji alikuwa amewafundisha akina mama kwamba mfungo ukitangazwa hupungua nguvu. Kwa hiyo alikigusisha kikombe kwenye midomo iliyofumba, akashusha koo kama mtu anayemeza, akampa Cédric ampitishie Gaston.

"Nimeonja," alisema.

Kikombe kilipokuwa kinamtoka mkononi aliona kwamba kimepungua. Kimepungua upana wa kidole. Midomo yake ilikuwa mikavu.

"Eh, Yaya leo amekunywa kama askari," Cédric alisema, akimwita dada mkubwa kama desturi ya kwao, huku akichungulia ndani. "Papa Murielle, wewe umebakishiwa machicha."

Watu wakacheka. Gaston akanywa.

Kesho yake asubuhi Gaston alisimama mlangoni kumwita mtoto waende shule, akasema "Muri," akasema tena "Muri," ulimi ukakataa kulimaliza jina. Kabla ya adhuhuri alikuwa hospitalini na hawezi kusema lolote. Daktari alisema ni sumu, lakini hakuweza kusema ni sumu ya nini. Polisi mmoja alikuja, akaandika majina, mengi akayakosea, wala hakurudi.

Jocelyne hakulia. Alimfuata Clémentine jikoni, akafunga mlango.

"Mama Murielle, minakuuliza mara moja tu. Ulionja?"

"Nilionja."

"Bon. Kama ulionja, Mungu anajua. Kama hukuonja, njo wewe ulimutilia. Na mtoto anarudi Bukavu kwa bibi yake. Mtoto ni wa ukoo wetu, halelewi na mwenye kumulisha baba yake sumu."

"Nimesema nilionja."

Aliposema hivyo mara ya pili hakusikia chochote moyoni, wala hofu wala aibu. Alisikia tu kwamba sinki linahitaji kusuguliwa.

Kwa kuwa polisi hawakurudi, Owuor aliichukua kazi ile. Alikuja amefunga tai, akaketi, akawataja wote watano, kisha akasema taratibu, "Tuanze na lililo wazi. Mama Murielle alionja, akabaki mzima. Basi kikombe kilipotoka mkononi mwake kilikuwa safi. Baada ya hapo kilipita katika mkono mmoja tu kabla ya kumfikia Gaston."

Wote wakamtazama Cédric.

"Eish, Inspekta," Cédric alisema. "Miye nalinda mali ya watu mchana kutwa, halafu nirudi nyumbani nimuue mwenye pazia langu?"

Alicheka peke yake. Tangu siku hiyo Jocelyne hakukubali kula naye meza moja, na Cédric alikula mkate wake kwenye baraza, amesimama, mgongo kwa watu. Clémentine alimtazama kupitia kioo, akaitafuta huruma ndani yake kama mtu anayetafuta funguo katika mfuko anaojua umetoboka.

Kisha ikaanza chai. Aliiacha mezani imefunikwa kwa kisahani, akaenda kuanika nguo, na aliporudi kisahani kilikuwa palepale, ila chai ilikuwa imepungua upana wa kidole, na ukingoni mwa kikombe palikuwa na mstari mweupe mkavu, kama wanga unaobaki kwenye beseni la muhogo. Akaimwaga. Baadaye yakawa maziwa ya mtoto. Akayamwaga pia.

Harufu ilifuata. Ilikuwa ya muhogo uliolowekwa ukasahauliwa. Nyumbani kwa mama yake ilikuwa harufu ya kazi, lakini hapa ghorofa ya nne hakuna aliyewahi kuloweka muhogo. Alifungua madirisha, ukaingia moshi wa nyama choma na honi za teksi za Hillbrow. Harufu haikutoka. Ilikuwa na mahali pake: kiti chake yeye, kilicho karibu na mlango wa jikoni.

Mchana mmoja umeme ulikatika, na majokofu ya jengo zima yakanyamaza kwa pamoja, na lifti ikasimama, na redio za majirani zikafa katikati ya maneno, na katika ukimya ule Clémentine, aliyekuwa amesimama jikoni na kitambaa mkononi, akasikia upande wa pili wa mlango mtu akivuta kinywaji kwa midomo, polepole, kama anayeogopa kuungua, kisha akimeza, kisha akivuta tena, na alipochungulia hapakuwa na mtu, palikuwa na kikombe, na alipokigusa kiti chake kilikuwa na joto, kama kiti ambacho mtu amekiondokea sasa hivi ili kumpisha.

Murielle alitoka chumbani, akauliza kwa Kiingereza ni nani anayekunywa.

"Ni bomba," mama yake alimjibu kwa Kiswahili.

Tangu siku hiyo alimnywesha mtoto kwenye viganja, maji yakitoka bombani moja kwa moja, na yeye mwenyewe hakukaa tena kwenye kiti kile.

Huko Hillbrow alikuwapo mzee mmoja wa Tanga, Nassir bin Mbwana, muuza udi na marashi, ambaye watu wa dini zote walimwendea kwa mambo wasiyotaka kuyapeleka kanisani. Clémentine alimfahamu kwa sababu Gaston alikuwa akimshonea kanzu.

"Pole na mgonjwa," Nassir alisema. "Kanzu yangu ina mkono mmoja, lakini si neno. Kaa, mama."

"Mzee Nassir, miye ni Mkristo."

"Najua. Wao wasioonekana hawaulizi dini mlangoni. Sema."

Akamwambia yote: mfungo, midomo iliyofumba, kikombe kilichopungua. Hakuwa amemwambia mtu mwingine. Mzee alisikiliza akiwa ameinama, kisha akakifunika chetezo ili moshi usimzuie kumwona.

"Ulisema umeonja?"

"Nilisema."

"Kwa kinywa chako, na watu wakaamini."

"Ndiyo."

"Basi hapo hapana aliyetia sumu, mama. Wewe ulikuwa na kazi. Ukaiacha, na jina la kazi ukaliacha kitini. Mmoja wao akaona kiti kitupu chenye jina, akaketi. Hamchukii mumeo, wala hamjui. Anaonja tu. Lakini alichotangulia kukionja yeye hakimfai binadamu."

"Umutoe basi."

"Mimi simtoi aliyekaribishwa. Utakaposhika kikombe tena mbele ya watu, sema kwanza kwamba siku ile hukuonja. Kisha unywe, umeze, wakuone. Mwenye kiti akirudi, yeye huondoka."

"Nikisema hivyo watachukua mtoto."

"Huenda."

"Na nisiposema?"

Nassir alikifunua chetezo. "Ataonja tena," alisema.

Clémentine alirudi kwa miguu hadi Berea. Kwenye robot ya kuongoza magari alisimama na wapita njia wengine taa ilipokuwa nyekundu, na ilipowaka kijani wakavuka, na yeye akabaki, mpaka mwanamke mmoja akamshika kiwiko akamvusha kama kipofu.

Jumatano alasiri Owuor aliwaita wote. Alitaka siku ile irudiwe jinsi ilivyokuwa: jagi lilelile, tangawizi ya soko lilelile, kila mtu mahali pake. Yeye mwenyewe angeketi kwenye kiti cha Gaston, aliyekuwa bado hospitalini, na kumtazama Cédric mikono.

"Ikiwa mtu anaweza kutia kitu katika kikombe bila mimi kuona, nitajua," alisema. "Ikiwa hawezi, huyu kijana aachwe ale ndani kama watu."

"Inspekta, nikunje mikono ya shati?"

"Kunja."

"Na soksi nivue?"

"Soksi ziache, tafadhali. Tuna mashaka ya kutosha."

Hata Jocelyne alitabasamu. Clémentine alisimama na jagi. Ilimbidi akae kwenye kiti chake, na alipokaa hakikuwa baridi.

Akamimina. Akakiinua kikombe, akijua maneno aliyopaswa kuyasema, ambayo yalikuwa machache na mepesi na alikuwa ameyarudia njia nzima kutoka Hillbrow, na harufu ya muhogo ulioozea majini ikampanda kutoka kwenye kikombe chenyewe, si kitini tena, na akamwona Jocelyne hatazami kikombe bali anamtazama yeye usoni, na nyuma ya Jocelyne, mlangoni, Murielle amesimama na mkoba wa shule mgongoni, kamba moja imelegea, na midomo yake Clémentine ikafumba yenyewe, na kwenye ncha ya midomo yake iliyofumba akahisi midomo mingine, mikavu, yenye subira, ikivuta upande wa pili wa ukingo uleule, na kikombe kikawa chepesi mkononi mwake kwa uzito wa funda moja.

"Umeonja?" Owuor aliuliza, kwa sababu alitaka kila jambo lisemwe.

"Nimeonja," Clémentine alisema.

Cédric alikipokea kwa vidole viwili, mbali na mwili, kama anayeshika panya mkiani, akakipitisha. Owuor hakuondoa macho kwenye mikono yake. Ndani ya kikombe hakuangalia. Akanywa chote, akakiweka chini.

"Haiwezekani," alisema. "Hana nafasi. Na mimi ni mzima, mnaniona. Gaston alikula kitu njiani, mahali pengine. Katika nyumba hii hakuna mwenye hatia."

Jocelyne aliinuka kitandani, akaja akamkumbatia Clémentine, na sasa ndipo akalia.

"Unisamehe, Mama Murielle. Batu ya nyumbani walinijaza maneno. Mtoto haendi popote. Akae kwa mama yake."

"Sharp, safi sana," Cédric alisema. "Na mimi je? Au niendelee kulisha njiwa barazani?"

"Kaa ukule, we mutu wa kelele."

Clémentine alimsindikiza mgeni hadi kwenye lifti. Ndani ya fleti walikuwa wakicheka, sahani zikigongana. Owuor alivaa kofia yake, akageuka kuaga kama alivyozoea, kwa jina.

"Basi kwaheri, Mama Muri," alisema. Akakunja uso kidogo. "Mama Muri." Akapitisha ulimi kwenye meno, akacheka. "Hewa ya hapa ni kavu mno. Kwaheri, mama."

Clémentine alimtazama. Hospitali haikuwa mbali. Kwa teksi wangefika kabla jua halijazama. Ingetosha kumshika mkono na kusema maneno yale machache, na daktari angeuliza, na Jocelyne angesikia.

Akabonyeza kitufe cha lifti.

"Nenda salama, Bwana Owuor."

Walikula pamoja jioni ile, Cédric akiwa mezani. Jocelyne alimsuka Murielle akimsimulia habari za Bukavu, mtoto akijibu kwa Kiingereza. Clémentine alikaa kitandani. Kiti kilicho karibu na mlango wa jikoni kilikuwa kitupu, na hakuna aliyekigusa. Katika kelele za nyumba ni Clémentine peke yake aliyesikia mtu akivuta kinywaji kwa midomo, akimeza, akingoja.

Kesho yake simu ilimjia Cédric akiwa anavaa sare ya kazi. Alisikiliza, akakaa kitandani na kiatu kimoja, akawaambia.

Jeremy Owuor alifariki Alhamisi asubuhi, nyumbani kwake Kensington.