Pazia la Banda la Kuku

Kila asubuhi, kabla hajaketi kushona, fundi cherehani alifungua dirisha la uani. Kuku wake wakimsikia tu, walianza makelele ya kudai chakula.

Asubuhi ile hawakupiga kelele. Walikuwa wanakoroma.

"Unasikia?" alimuuliza mumewe.

"Nasikia. Nilidhani ni wewe," mume alijibu huku akivaa viatu.

Fundi hakucheka. Kuku hao aliachiwa na marehemu mama yake. Wa uzao wenye kishungi kichwani alibaki mtetea mmoja tu. Akifa huyo, mbegu ya mama imekwisha.

"Tuwapeleke sokoni kabla hawajafa," mume alisema.

"Nikamuuzie mwenzangu maradhi? Hawaendi sokoni, na sufuriani hawaingii. Watapona."

Alikuwa amelea watoto, na siku zote aliamini kikohozi ni baridi. Basi akachukua magunia, akayaunga, akayatia bitana ya nailoni. Akashona pazia zito, akalizungusha banda zima. Upepo haukupata hata pa kuchungulia. Tena akasaga vidonge vilivyobaki mumewe alipoumwa jino, akavitia kwenye maji yao ya kunywa.

Siku zikapita, kukoroma kukazidi. Mwenye kishungi akavimba jicho. Akajitenga pembeni, mabawa yameshuka.

Fundi akatupa mtandio begani, akaenda kubisha kwa jirani yake, daktari wa mifugo.

"Dada, nisaidie. Kuku wangu wananiishia."

Daktari alikuja na viatu vingine mkononi, akavibadilisha langoni. "Nimetoka kwa kuku wa watu. Sitaki kukuletea vijidudu vya kwao," alisema. Akafunua pazia, akaingiza kichwa. Akakitoa mbio, machozi yanamtoka.

"Shoga, hili pazia kalishone la sebuleni. Hapa umewafungia ugonjwa ndani."

"Nimewakinga na baridi!"

"Haya, ingiza kichwa wewe."

Fundi akaingiza. Harufu ya kinyesi ikamchoma pua, ikashuka mpaka kooni. Akakohoa kama kuku wake.

"Umeona?" daktari alisema. "Wewe umekaa humo kidogo tu. Wao wanalala humo. Hewa hii inaumiza mapafu, na ugonjwa unapata njia."

Akamshika mwenye kishungi, akamtazama macho, pua na mdomo. Akauliza kama kuna waliokufa ghafla, waliopinda shingo au kuharisha kijani.

"Hakuna. Na chanjo ya kideri walipata."

"Vizuri. Kideri hakina dawa, chanjo ndiyo kinga yake. Hawa naona wana mafua ya kuku. Umewapa nini?"

Fundi akainamisha kichwa. "Vidonge vya jino la mume wangu."

"Kwani kuku wana meno?"

Wakacheka wote wawili. Kisha daktari akakaza uso. "Usirudie. Dawa ya mtu si ya kuku. Ukikosea dawa au kipimo, vijidudu vinazoea, na dawa haitawaponya tena. Nitakupa dawa yao. Changanya mpya kila siku, kwa kipimo nitakachokuandikia. Wasipate maji mengine. Ukiwaona wamechangamka, usiache. Maliza siku zote. Na mayai usile wala usiuze mpaka nikuruhusu, maana dawa inaingia mle."

Jioni mume alirudi, akamkuta mkewe kaketi chini na wembe, anakata nyuzi.

"Pazia ulilotaabika nalo hivyo unalifumua?"

"Nilishona vibaya, nafumua. Si ndiyo kazi yangu? Shika huku."

Sehemu ya juu ya banda wakaiacha wazi, waya mtupu. Chini wakabakiza gunia fupi la kuzuia upepo na mvua. Wakazoa matandiko yaliyolowa, wakatandika makavu. Wagonjwa wakatengwa kwenye banda dogo. Fundi aliwahudumia wazima kwanza, wagonjwa mwisho, kisha akanawa mikono kwa sabuni. Vyombo vya maji alivisugua kila siku.

Kuku walianza kuchangamka kabla dawa haijaisha.

"Wamepona hao," mume alisema. "Na mayai unayafukia! Roho inaniuma."

"Iume. Nimeambiwa nimalize, namaliza."

Alimaliza. Daktari akaja kuwatazama tena. "Wamepona, lakini waliopona huweza kubaki na vijidudu. Usichanganye nao kuku wageni. Ukitaka vifaranga, niite kwanza, tuwalee mbali na hawa."

Asubuhi moja, baada ya daktari kuruhusu mayai, mume ndiye aliyewahi kufungua dirisha. Uani kukalipuka makelele. Mwenye kishungi aliruka mpaka kwenye waya, macho yote mawili yamewaka, anadai kwa sauti kuliko wote.

"Mama yako kabisa huyu!" mume alisema.

Fundi alicheka, akachukua chakula, akatoka.