Feni ya Lori la Marehemu

Evelyne alimkanyaga fundi mguu kabla hajamwona uso.

Ilikuwa saa nne asubuhi pale Kashai, Bukoba, kwenye gereji za pembeni mwa barabara, ambako honi, nyundo na redio za kila kibanda zinagombania masikio ya mtu. Evelyne alikuwa akipenya katikati ya magari, amelikusanya gauni lake jeusi mkononi lisiguse oili. Macho yake yalikuwa juu, kwenye rejeta zilizotundikwa ukutani. Miguu ya mtu ilichomoza chini ya gari dogo jeupe, naye akaukanyaga mmoja.

"Yoo! Mama, huo mguu ni wangu, bado nautumia!"

"Jamani, pole waitu! Sikukuona."

"Hukuniona, na urefu wote huu?" Mwanamume akajivuta kutoka chini ya gari, ovaroli la bluu, paji la uso limepakaa grisi. Alipomtazama Evelyne akasahau kulalamika. "Basi ukanyage na wa pili, usije ukaona wivu."

Evelyne akacheka, na kicheko chake chenyewe kikamshtua. Hakuwa amekisikia kwa miaka miwili.

Fundi aliitwa Avit, mseja wa miaka thelathini na minne, na kazi yake hasa ilikuwa rejeta. Evelyne akamweleza shida yake. Kule Izigo, wilayani Muleba, kulikuwa na lori la Bedford la mwaka sitini na tisa. Injini yake ya petroli ilikuwa imetolewa, ikawekwa ya dizeli ya Isuzu. Kazi ikaishia hapo. Rejeta haikufungwa, wala feni.

"Aliyeanza kazi yuko wapi?"

"Alifariki. Alikuwa mume wangu."

Avit akaacha utani. "Pole sana. Nitakuja Jumamosi."

Kitu ambacho Evelyne hakumwambia siku ile ni kwamba lori lile lilikuwa kufuli. Siku mumewe Rugemalira alipozikwa, baba mkwe wake, Ta Lwakatare, alisimama mbele ya ukoo mzima akatamka: matanga ya mwanawe hayataanuliwa mpaka lori alilokuwa akilitengeneza lifike Bukoba na kurudi kwa nguvu zake lenyewe. Ukoo ukaitikia. Na mjane ambaye matanga ya mumewe hayajaanuliwa haolewi, havai rangi, hahami. Akienda kwenye harusi anakaa nyuma. Akicheka jumuiyani, wanawake wanatazamana. Basi Evelyne, mwanamke wa miaka thelathini na mmoja mwenye damu inayochemka, akawa anaamka kila siku mbele ya lori bovu, anampikia mkwe wake uji, anapalilia kibanja cha migomba, analala. Alikuwa akikosa pumzi, na hakuna aliyemziba pua.

Avit akaja Jumamosi ile, na nyingine, na nyingine. Kazi ilikuwa ngumu. Injini mpya ilikuwa ndefu kuliko ile ya zamani, feni yake ikataka kulamba rejeta. Ilibidi aisogeze rejeta mbele, akate chuma, achomelee vishikio vipya, atafute mipira ya maji ya kipimo kingine. Evelyne alimshikia taa na kumletea ndizi kwa maharage.

"Mama Bedford, utaninenepesha nishindwe kuingia chini ya gari."

"Kwani nimekulazimisha kumaliza sahani?"

"Macho yako yamenilazimisha."

"Funga boliti wewe!"

Ta Lwakatare alikaa kibarazani, mkongojo magotini, akitafuna punje zake za kahawa moja moja. Macho yake yalikuwa na ukungu, lakini alikuwa ameliendesha lori lile miaka thelathini, na masikio yake hayakupitwa na neno.

Ijumaa moja Avit akamaliza. Akapiga picha ya feni, akamtumia Evelyne kwenye simu: "Imekaa, mpenzi. Kesho tunalijaribu." Lilikuwa neno la kwanza la mpenzi. Evelyne alilisoma jikoni, moshi ukawa kisingizio cha machozi.

Kesho yake wakalijaribu kuelekea Muleba. Lori liliunguruma vizuri uani, likatambaa vizuri kwenye tambarare, na lilipofika katikati ya kilima cha kwanza likachemsha. Mvuke ukatoka puu! Wakarudi wakivutwa na trekta, watu wakichungulia migombani.

Avit akabadili themostati. Likachemsha. Akaiosha rejeta, akakagua pampu ya maji. Likachemsha palepale kilimani. Kila kitu alikifungua isipokuwa feni, kwa sababu fundi ana ugonjwa mmoja: kitu alichokifunga kwa mkono wake mwenyewe hakikagui tena.

"Huyo anakuchezea," Ta Lwakatare akamwambia Evelyne. "Lori likipona, atapata wapi sababu ya kuja? Fundi anayependa chakula hamalizi kazi."

Maneno yale yakamwingia kama mwiba wa samaki. Avit alipopiga simu, Evelyne akapokea kwa hasira.

"Avit, niambie ukweli. Unachelewesha makusudi?"

"Nicheleweshe nini, mpenzi? Mimi ndiye ninayetaka utoke humo kuliko mtu yeyote!"

"Mbona halitoki? Umenigeuza mradi wako wa Jumamosi. Tapeli mkubwa wewe!"

Avit akasema taratibu, "Sababu ya lori kuchemsha sijaielewa. Lakini hilo neno nimelielewa." Akakata simu. Jumamosi iliyofuata hakuja, wala ile ya pili.

Ndipo kuta zikamkaribia Evelyne kweli. Hakuwa na lori, hakuwa na Avit, hakuwa hata na pa kulalamikia. Mchana mmoja, amechoka kupalilia, alikaa kwenye bampa la lori akaanza kusoma jumbe za zamani. Kupenda si ugonjwa, lakini kuna homa zake. Akafika kwenye ile picha. Akaitazama, akainua macho kutazama feni yenyewe.

Akashuka. Akaikuza picha.

Kwenye picha, namba zilizogongwa kwenye mapanga ya feni zilitazama rejeta. Hapa zilitazama injini. Feni ilikuwa imefunguliwa, ikageuzwa mgongo, ikafungwa tena. Ilikuwa bado inavuta upepo, ila kidogo tu: unaotosha uani na kwenye tambarare, usiotosha kilimani. Na katika boma lile walikuwa wanaishi watu wawili.

"Tata," aliita. "Nani kageuza feni?"

Ta Lwakatare aliendelea kutafuna. "Fundi wako."

"Fundi wangu alinipigia picha! Tata, nimemtukana mtu asiye na kosa. Niambie!"

Mzee akatema ganda la kahawa.

"Boliti nne tu," akasema. "Mikono inajua hata macho yakikataa. Niligeuza usiku ule ule alipomaliza." Akauegemea mkongojo. "Lori likienda na kurudi, matanga yanaisha. Yakiisha unaondoka. Mwanangu ameshakwenda. Na wewe ukienda, nani ataniambia Tata, uji unapoa?"

Evelyne alitaka kupiga kelele, na alitaka kumkumbatia.

"Ungeniomba, Tata. Ungesema tu, naogopa kubaki peke yangu. Wewe ukanifungia."

"Ndiyo. Nilikufungia."

Evelyne akaingia ghalani, akatoka na spana. Akalegeza mkanda wa feni, akaanza kufungua. Hakumwomba mzee msaada, alimwamuru: "Shika boliti hizi zisipotee." Ta Lwakatare akasimama, akakinga viganja. Feni ilipogeuzwa, akawa anampa moja moja.

"Sasa panda."

"Twende wapi?"

"Bukoba. Na usikie vizuri, Tata: sitakutupa. Lakini kifungoni sikai tena."

Marehemu ndiye aliyemfundisha kuendesha. Walipita Kemondo, ziwa likimetameta upande wa kulia, kisha barabara ikaanza kupanda. Evelyne alikaza usukani, jicho moja kwenye geji ya joto. Mzee hakuiona geji, alisikiliza injini, kichwa kimeinama. Mshale ukapanda hadi katikati, ukatulia hapo. Walipofika kileleni Ta Lwakatare alijifuta uso kwa ukosi wa koti.

"Kijana anajua kufunga rejeta," alisema.

Kashai, Avit alilisikia lori kabla hajaliona. Akatoka gereji akifuta mikono kwa kitambaa, akaendelea kuifuta hata ilipokuwa safi.

"Shikamoo, mzee. Karibu, mama. Linachemsha tena?"

Lile "mama" la heshima lilimuuma Evelyne kuliko tusi. "Halichemshi, Avit. Nimekuja kukuomba msamaha. Nilikuita tapeli, na..."

"Nyamaza, mwanangu," mzee akamkatiza kutoka ndani ya kibini. "Hilo ni langu. Fundi, feni niliigeuza mimi."

Avit akamkodolea macho. "Kwa nini, mzee wangu?"

"Ulikuwa umeifunga vizuri mno."

Avit akaitazama rejeta, akamtazama mzee, kisha Evelyne, aliyekuwa na grisi mpaka kwenye viwiko. Hasira ilipigana kidogo usoni mwake, ikashindwa.

"Evelyne, boliti umezikaza mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Basi nimepata mke na msaidizi wa gereji kwa mpigo mmoja. Ukikubali."

"Watu wanaposa hivyo, barabarani?"

"Nitakuja Izigo na wazee wangu, nipige magoti kama inavyotakiwa. Nataka tu kujua kama nitafukuzwa."

Evelyne akatikisa kichwa: hapana, hutafukuzwa. Machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi mbele ya Kashai nzima, na hakuyafuta.

"Matanga hayajaisha," Ta Lwakatare akakumbusha. "Nilisema kwenda na kurudi. Bado nusu."

"Nusu hiyo nitaendesha mimi," Avit akasema, tayari anavua ovaroli.

Kibini cha Bedford kina kiti kimoja kirefu. Avit alishika usukani. Evelyne akazunguka upande wa pili, akafungua mlango ili akae dirishani, kama mkwe anavyotakiwa, mzee abaki katikati kumtenga na mwanamume asiye wake. Lakini Ta Lwakatare alikuwa amekwisha kushika mkongojo wake. Akashuka polepole, akasimama pembeni ya ngazi.

"Pita wewe katikati," akamwambia. "Mimi nitakaa mlangoni."

Evelyne akapanda, akakaa kando ya Avit, kisha akamnyooshea mzee mkono ili ampandishe.