Samaki Mkubwa Alikuwa wa Renetta

Kila alfajiri Dewitt Purvis alichukua fimbo zake mbili za kuvulia akateremka hadi Mto Tansawee. Jua lilipopanda juu ya misonobari, alirudi na ndoo. Mkewe, Renetta, alikuwa amekwisha kuteleka uji mzito wa mahindi. Mama Ozie, mama yake Dewitt, alikuwa barazani akimenya kunde na kulalamikia joto la Georgia, kana kwamba lilimjia yeye peke yake.

Maisha hayo yalianza Februari, kiwanda cha mbao kilipofungwa. Dewitt alikuwa amefanya kazi pale miaka kumi na mmoja. Mwezi uliofuata Renetta aligundua kuwa ana mimba. Mimba mbili za mwanzo zilikuwa zimetoka. Hii ya tatu ilishika, na wote watatu walitembea kwa ncha za vidole vya miguu, kama watu wanaopita karibu na mtoto aliyelala.

Samaki aliyepatikana zaidi mtoni alikuwa besi. Besi ana mgongo wa kijani na mdomo mpana kama mfuko. Ni mlafi. Humeza samaki wenzake, vyura, hata vifaranga vya bata. Nyama yake ni nyeupe na haina miiba mingi. Wavuvi wa mchezo, wale wanaokuja na maboti ya injini, humpima, humpiga picha, kisha humrudisha majini. Dewitt aliwacheka. Besi wake walikwenda jikoni.

Renetta aliwapaka unga wa mahindi na pilipili, akawakaanga. Walikula hivyo mara nne au tano kwa wiki, pamoja na bamia na sukuma wiki kutoka bustanini. Samaki mkubwa kuliko wote alikuwa fungu la Renetta. Dewitt mwenyewe ndiye aliyemwekea sahanini.

"Kula, mke wangu," alimwambia. "Humo ndani mko wawili."

Mama Ozie hakumpenda besi. Alisema ananuka tope, na kwamba zamani samaki huyo aliliwa na mtu aliyekosa kuku. Alidonoa kipande kidogo cha mkia, akakisukuma kando. Renetta alikula mpaka akamaliza. Alijua mumewe anamtazama.

Alhamisi moja ya Julai Dewitt alisahau chakula chake cha mchana. Renetta aliona si mbali, akakibeba mwenyewe. Alikuwa hajafika gatini tangu majira ya baridi. Alipofika, aliona ubao mpya umesimamishwa pale maboti yanapoteremshwa. Ulikuwa na picha ya mwanamke mwenye mimba na picha ya samaki. Samaki yule alikuwa na mdomo mpana.

Aliusoma polepole, neno kwa neno. Ulisema kuwa samaki wakubwa wa mto huu wana zebaki. Ulisema zebaki inaweza kudhuru ubongo wa mtoto aliye tumboni. Chini yake palikuwa na orodha ya samaki wa kuepuka. Besi alikuwa wa kwanza.

Renetta aliusoma tena. Kisha akakaa juu ya jiwe. Alihesabu kwa vidole: Machi, Aprili, Mei, Juni, na sasa Julai. Kila wiki mara nne au tano, na kila mara samaki mkubwa kuliko wote. Aliweka mkono tumboni akangoja mtoto acheze. Mtoto hakucheza.

Dewitt alimkuta amekaa pale. Alitazama ubao, akatazama chini. Hapo Renetta akajua.

"Umewekwa lini?" aliuliza.

"Kama wiki tatu zilizopita."

"Na uliusoma?"

Dewitt alianza kusema mambo mengi. Alisema ubao ni hila ya wenye maboti, wanaoutaka mto uwe wao. Alisema babu yake alikula samaki wa hapa akafika miaka tisini. Renetta aliendelea kuutazama ubao. Mwishowe Dewitt akavua kofia.

"Niliusoma," alisema. "Niliogopa, Renetta. Nikikubali kwamba ni kweli, nitaleta nini nyumbani?"

Walishika njia ya kurudi. Njia nzima Renetta alibonyeza tumbo upande huu na upande ule. Karibu na nyumbani mtoto alipiga teke moja dogo. Badala ya kufurahi, alijiuliza kama teke la mtoto mzima huwa dogo namna hiyo.

Mama Ozie aliposikia habari ile, alisema alizaa watoto sita akila samaki wa mto huohuo, na wote wana akili, isipokuwa mmoja ambaye alikuwa mkaidi tu. Maneno yake yalikuwa ya kutuliza. Lakini sahani ya Renetta aliiondoa mezani kimyakimya, akamletea mayai.

Asubuhi yake walikwenda kliniki. Mama Ozie hakualikwa. Alikutwa ameshakaa katikati ya kiti cha pikapu, mkoba mapajani.

Muuguzi aliwajua. Aliitwa Bi Haygood, na Jumapili alikaa nyuma yao kanisani. Renetta alimweleza yote kwa pumzi moja. Bi Haygood hakumkatiza. Kwanza alimlaza kitandani akamwekea kipimo cha kusikiliza moyo wa mtoto. Chumba kikajaa mlio wa haraka, kama farasi mdogo anayekimbia. Renetta alifumba macho. Dewitt alishika ukuta.

"Moyo uko sawa," alisema Bi Haygood. "Sasa tuzungumze juu ya samaki."

Aliwaeleza kuwa zebaki hutoka mbali. Makaa ya mawe yanapochomwa, hupanda na moshi, kisha hushuka na mvua mpaka mitoni. Wadudu wa majini huipata kidogo. Samaki mdogo hula wadudu wengi, akaipata zaidi. Besi naye hula samaki wadogo maisha yake yote.

"Basi besi mkubwa ni mzee," alisema. "Amekula wengi, na zebaki ya wote hao imebaki kwenye nyama yake."

Dewitt aliuliza kama kumkaanga sana kunaiua.

"Hapana. Iko ndani ya mnofu wenyewe. Umkaange, umchemshe, umkaushe, iko palepale."

"Mimi nilijua," alisema Mama Ozie. "Nilionja tope tangu siku ya kwanza."

Bi Haygood alitikisa kichwa. "La, Mama Ozie. Hayo ni mambo mawili. Ladha ya tope hutoka kwenye mwani wa majini wakati wa joto, na haitokani na zebaki. Zebaki haina ladha. Samaki anaweza kuwa mtamu kama kuku wa Jumapili, na zebaki imo."

Mama Ozie alikubali. Halikuwa jambo la kawaida.

Kisha Renetta akauliza swali alilokuja nalo. "Mtoto wangu ameharibika?"

Bi Haygood alivuta kiti akakaa mbele yake. Hakutaka kumdanganya. Alisema hajui bado. Watapima damu, na majibu yatachukua wiki moja. Lakini alimwambia kwamba mwili hutoa zebaki wenyewe, polepole. Mtu akiacha kuila, baada ya miezi miwili hivi karibu nusu yake huwa imetoka. Kila siku kuanzia leo ingemsaidia.

"Nisile samaki tena?"

"Kula, lakini chagua. Samaki hujenga ubongo wa mtoto. Kula wale wadogo: brimu bapa wa mtoni na kambare wachanga. Mara moja au mbili kwa wiki. Besi wa mto huu uwaache mpaka umalize kunyonyesha. Dewitt na mama wanaweza kumla besi mara moja kwa wiki, asizidi futi moja. Na mkienda kuvua mto mwingine au ziwa jingine, ulizeni kwanza. Kila maji yana habari yake."

Wiki ile ilikuwa ndefu. Renetta aliamka na kuhesabu mateke. Mtoto akitulia, aliogopa. Akicheza sana, aliogopa pia. Dewitt hakwenda mtoni siku tatu. Aliegemea uzio akichonga kijiti mpaka kikaisha, akachukua kingine. Siku ya nne Mama Ozie alimwambia kuwa majuto hayaingii chunguni. Ndipo akachukua fimbo, rula na sanduku la barafu.

Siku hiyo alivua besi mkubwa kuliko wote wa mwaka ule. Alimtoa ndoana, akamshika majini kwa mikono miwili mpaka alipopata nguvu, akamwachia. Alileta brimu saba na besi wawili wadogo. Aliwaweka kwenye barafu papo hapo, maana samaki anayekufa kwenye ndoo ya maji moto huharibika upesi. Nyumbani waliwachuna ngozi. Kwa wale besi wawili, walikata ule mstari mwekundu ubavuni ambao hubeba ladha ya tope, wakawaloweka katika maji ya chumvi. Mama Ozie alikula kipande kizima cha besi. Aliulizwa kama kinanuka tope. Alisema hawezi kujibu, mdomo umejaa.

Jumatano simu ililia. Renetta aliipokea akiwa amesimama. Bi Haygood alisema zebaki ilikuwa juu kuliko anavyotaka kwa mwenye mimba, lakini haijafika kiwango ambacho huwatisha madaktari. Wangepima tena Septemba. Renetta alishukuru, akakata simu, akaketi sakafuni jikoni. Hakujua kama hiyo ni habari njema au mbaya. Dewitt aliketi karibu naye.

Septemba kipimo kilikuwa kimeshuka zaidi ya nusu. Novemba alizaliwa msichana wa ratili saba, wakamwita Marvella. Dewitt alikuwa amepata kazi kwenye ghala la karanga, akabaki kuvua Jumamosi tu.

Hata hivyo hofu haikuondoka siku moja. Renetta alipiga makofi nyuma ya kichwa cha mtoto kuona kama atageuka. Alipitisha kijiko mbele ya macho yake. Mtoto alipochelewa kuketi kwa wiki mbili, Renetta hakula vizuri wiki hizo mbili. Alimpeleka kliniki kila alipoitwa.

Marvella alipofika miezi tisa, Bi Haygood alimpima muda mrefu. Alimfichia kijiti cha mbao chini ya kitambaa, mtoto akakifunua. Alimwita kwa jina; akageuka. Alimpa kidole, akakivuta mpaka mdomoni na kukiuma kwa meno yake mawili.

"Mtoto wenu ni mzima," alisema Bi Haygood. "Nimemtazama kila mahali ninapojua kutazama."

Katika pikapu Dewitt hakuwasha gari. Alishika usukani, macho mbele. Alisema bado anaziwaza zile wiki tatu alizoficha habari ya ubao. Kila akimwona mtoto anacheka, anaziwaza.

Renetta alimpakata Marvella, akamfuta mate.

"Mimi pia naziwaza," alisema. "Siku nyingine ukiogopa, niambie. Tuogope wote wawili."

Dewitt aliitikia kwa kichwa.

"Sasa washa gari," alisema Renetta. "Mtoto ana njaa."