Upande wa Nyuma wa Maiki

Jumamosi hiyo Doto aliingia dukani kwa Mzee Mustafa, muuza vyombo vya muziki pale Mtendeni, maiki yake ya kondensa ikiwa imeviringishwa kwenye kanga. Majirani wanasimulia kuwa alikuwa amekonda mpaka anatia huruma.

"Shikamoo, mzee. Naomba unibadilishie hii."

"Marahaba, mwanangu. Imeharibika?"

"Hapana. Inasikia mno."

Mzee Mustafa aliikumbuka. Ilinasa sauti mbele na nyuma, na ndiyo maana mapacha wale waliichagua. Kulwa alikaa upande huu, Doto upande ule na gitaa lake, wakaimba wametazamana. Kulwa alianza, Doto akafuata, kama walivyozaliwa. Sasa Kulwa alikuwa kaburini tangu masika.

"Kwa bendi ya magitaa yasiyo ya umeme hutapata kama hii," alisema mzee. "Hii nyingine inasikia mbele tu. Nyuma ni kiziwi."

"Nipe hiyo kiziwi."

Sababu hakuisema. Tangu msiba, kila aliporekodi peke yake, alikuta sauti mbili, yake na ya Kulwa. Mama yao, Apolinaria, aliyekuwa amesusa chakula, alizisikiliza kutwa nzima, akaanza tena kula. Lakini Doto aliogopa. Alitaka dada yake apumzike, na yeye mwenyewe apumzike.

Mchana huohuo alijifungia chumbani, akauimba wimbo wa Kulwa mwanzo hadi mwisho, akikitazama kiti kitupu cha Kulwa ng'ambo ya maiki mpya. Kisha akamvalisha mama hedfoni.

Sauti ilikuwa moja tu.

Apolinaria alizivua taratibu, akasukuma kando bakuli la matobolwa, viazi vitamu vikavu vya kuchemsha.

"Mwenzio umemwacha wapi?" alinong'ona.

Doto alizichukua hedfoni. Alirudi chumbani kuchomoa waya, na mkono wake ukagusa wavu wa maiki, upande wa nyuma.

Ulikuwa umelowa. Ulikuwa na uvuguvugu. Ulinukia asali, ile ya Sikonge ambayo Kulwa hakukosa kuilamba kabla ya kuimba.

Mtu alikuwa ameimba pale. Kwa nguvu zake zote. Na hakusikika.

Doto akaigeuza maiki upesi, mbele ikaelekea kiti kitupu.

"Dada, imba," alinong'ona huku analia. "Nisamehe. Sasa nakusikiliza."

Alingoja. Akangoja tena. Kilichonaswa ni jogoo wa jirani, basi. Alipompigia Mzee Mustafa, akaambiwa ile ya zamani imekwisha kuuzwa kwa wapita njia. Bakuli la mama lilibaki vilevile hadi jua likazama.

Maiki bado ipo kwenye stendi yake. Kila asubuhi Doto huufuta kwa kanga wavu unaotazama kiti, na kila asubuhi huukuta umelowa upya. Harufu ya asali imekwisha.

Siku moja aliugusa, akaonja kidole. Ni chumvi ya machozi.