Sufuria Yangu Ni Safi

Kila asubuhi kinyozi alikunywa kikombe kikubwa cha maziwa kabla ya kwenda kazini. Mkewe, fundi cherehani, aliyachemsha mwenyewe mpaka yakatokota. Lakini mumewe alipofika kazini tu, tumbo lilijaa gesi, likanguruma, likamkimbiza chooni.

Siku moja alimwacha mteja kitini, amenyolewa upande mmoja. Aliporudi, mteja alikuwa ameondoka na kofia ya kinyozi mwenyewe. Wenzake walicheka mpaka wakashika mbavu.

Alirudi nyumbani amefura. Dada yake alikuwa amekuja kuwatembelea.

"Unanilisha nini humu ndani?" alimwuliza mkewe.

"Maziwa yale yale tunayokunywa sote."

"Mimi nilishasema," dada yake akadakia. "Vyombo havioshwi vizuri. Kaka yangu anamezeshwa uchafu."

Mke aliondoa mguu kwenye cherehani. "Wifi, mimi na watoto tunakunywa kutoka sufuria hiyo hiyo. Nani kati yetu anaumwa?"

"Matumbo hayalingani."

"Basi kama hayalingani, kosa la sufuria liko wapi?"

Wifi alibetua midomo. Kinyozi alitazama ukuta. Hakumtetea mkewe hata kwa neno moja, na hilo ndilo lililomchoma mke.

Aliichukua sufuria, akawaambia wote wawili wamfuate. Alikwenda moja kwa moja kwa jirani yao muuguzi.

"Dada, ikague," alisema. "Kama ni chafu, sema mbele yao."

Muuguzi aliitazama, akaiweka chini. "Inang'aa." Kisha akamgeukia kinyozi. "Siku usipokunywa maziwa, unakuwaje?"

Kinyozi alifikiri. "Nakuwa mzima."

"Unaona damu chooni? Una homa? Umekonda?"

"Hapana."

"Afadhali. Ungekuwa na hayo ningekupeleka hospitali leo. Sasa sikiliza. Maziwa yana sukari yake ya asili. Utumbo hutoa kitu cha kuivunja, kinaitwa kimeng'enya. Kwa watu wengi hupungua wakishakuwa wakubwa. Sukari isiyovunjwa hushuka chini, inachachuka, inaleta gesi na kuharisha. Huo si uchafu. Hata mkeo angechemsha kutwa nzima, sukari hiyo ingebaki."

"Kwa hiyo niyaache kabisa?"

"Jaribu maziwa ya mgando. Bakteria wazuri wanaoyagandisha hula sehemu ya sukari hiyo. Wengine huendelea kukusaidia kuivunja ukishayanywa. Anza na kidogo, pamoja na chakula. Tumbo likikataa, acha."

"Nikiyaacha mezani mpaka yachache?" mke aliuliza.

"Hayo yameharibika tu. Chemsha, acha yapoe yawe vuguvugu, tia kijiko cha mgando mzuri, funika kwenye chombo safi usiku kucha mpaka yagande."

Walirudi nyumbani. Mlangoni mke alisimama, akawazibia njia.

"Ya tumbo nimeyasikia. Sasa nataka kusikia ya sufuria."

Kinyozi alikuna kichwa. "Nimekukosea, mke wangu. Vyombo vyako ni safi."

"Usiniambie mimi. Mimi nilikuwa najua. Mwambie dada yako."

Akamwambia. Wifi aliaga bila kukaa tena.

Kinyozi alianza na nusu kikombe cha mgando, akila na mkate. Tumbo lilitulia. Kadiri siku zilivyopita akaongeza kidogo kidogo, na wateja wake wakawa wanaondoka wamenyolewa pande zote mbili.

Mwezi uliofuata wifi alikuja tena. Alikaa akichezea pindo la kanga yake.

"Wifi, na mimi tumbo langu huwa hivyo hivyo," alisema. "Miaka yote nilidhani ni vyombo vyangu. Nikawa nasugua tu."

Fundi cherehani alimtazama. "Ukaona aibu yako unitwishe mimi."

"Nisamehe."

Fundi cherehani aliinuka. Alikwenda jikoni, akarudi na nusu kikombe cha mgando na kipande cha mkate, akaviweka mbele yake bila kutabasamu.

"Kula kwanza," alisema. "Kisha unywe polepole."